Lenzi Iliyofunguliwa Kihesa

Helena Masunga alikuwa muuza dawa pale Ilomba, mjini Mbeya. Watu wa mtaa walimjua kwa kuwa hakuuza dawa bila kumhoji mgonjwa kwanza, na kwa ile tabia yake ya Jumapili. Baada ya ibada ungemkuta ameinama kwenye mtaro au ukuta wa mtu, kamera jichoni, anazungusha kitu taratibu kama anayetafuta stesheni kwenye redio ya zamani. Watoto walishamzoea, hawakumfuata tena. Mtu mzima akipita alimwuliza, "Unapiga nini hapo, dada?" Naye akajibu, "Kutu," au, "Huyu konokono." Basi mtu akaenda zake.

Hakuwa na mume wala mtoto. Wazazi wake walikuwa Wasukuma waliotoka Magu na ng'ombe wao wakaja bonde la Usangu kabla yeye hajazaliwa. Alizaliwa huko, karibu na Ubaruku, na alikuwa chuoni Mbeya anasomea dawa pale ilipotoka amri ya mifugo kuondoka bondeni. Baba yake akaswaga kundi, mama akafungasha vyombo, wadogo zake wakapanda lori, safari ikaishia Lindi. Helena akaachwa amalize mwaka wake wa mwisho, halafu awafuate. Mwaka ukaisha, kazi ikapatikana, na Lindi ni mbali. Ikawa ndiyo hivyo. Siku za sikukuu walimpigia wakapokezana simu, kila mmoja akimwuliza kama Mbeya bado kuna baridi. Watoto waliozaliwa kule walimwamkia shangazi yao kwa lafudhi ya watu wa kusini, na yeye alilazimika kuwauliza mara mbili wamesema nini.

Lenzi ya kwanza hakuinunua akijua ni lenzi. Aliikuta kwenye turubai la mtumba, katikati ya pasi na saa za ukutani, akadhani ni kioo cha kukuzia maandishi, maana zile karatasi za ndani ya boksi za dawa huandikwa kwa herufi kama sisimizi. Ukiigeuza kinyume ilikuza vizuri tu. Mpaka asubuhi moja, dukani, alipoishika karibu na ukuta mweupe akaona kitu kilichomfanya asahau alichokuwa anafanya. Mlango wa duka ulikuwa pale ukutani, mdogo, juu chini, na barabara, na mwanamke aliyejitwika ndoo, rangi za kanga yake zimetimia, anatembea kichwa chini miguu juu na maji hayamwagiki. Helena alisimama vile vile mpaka mteja akagonga kaunta.

Aliipiga picha kwa simu, akaiweka kwenye kundi la wapiga picha mtandaoni, akauliza ni nini. Vijana wakacheka. Mmoja akamwambia apeleke makumbusho. Jibu moja tu lilikuwa la maana, nalo lilikuwa la sauti, ya mtu mzima, nzito, yenye lafudhi ya Kihehe: "Binti, hiyo ni lenzi ya Kirusi. Usiigonge. Ukipata pete ya kuunganishia itakaa kwenye kamera ya siku hizi bila shida. Ila haifokasi yenyewe. Mkono wako ndio utafanya kazi."

Aliyejibu aliitwa Aroni Kalinga, wa Kihesa, Iringa. Zamani alikuwa na studio ya picha mjini. Watu walipoanza kujipiga wenyewe kwa simu, studio ikafungwa, naye akarudi nyumbani na meza yake ya kazi, akawa anatengeneza lenzi za zamani za watu wachache waliobaki nazo. Hakupenda kuandika ujumbe. Alisema vidole vyake ni vinene, anagusa herufi tatu kwa mpigo. Kwa hiyo alituma sauti.

Hivyo ndivyo ilivyoanza, na ikaenda miaka. Helena alinunua kamera, akanunua pete, halafu akaanza kutafuta lenzi nyingine kwenye mitumba, kwa wastaafu, na kwenye masanduku ya wajane wa watu waliowahi kufanya kazi na Wazungu. Nyingi zilikuwa zimekaza au zimeota kuvu ndani ya vioo. Alizifunga kwenye boksi la dawa, akazipeleka stendi, basi likazishusha Ipogolo, kituo kilicho chini ya mlima wa Iringa mjini, Mzee Kalinga akazifuata. Baada ya muda zilirudi safi, zinazunguka kama zimepakwa asali.

Alichokipenda kwenye lenzi hizo hakuweza kumweleza mtu mwingine. Ukitazama, kila kitu ni ukungu. Unazungusha pete polepole, kitu kinaanza kuja, kinakuja, kinasimama wazi mbele yako, halafu ukizidisha kidogo kinakwenda zake. Inabidi urudi nyuma ukitafute. Hakupiga watu. Watu hawasubiri.

Hawakuwahi kuonana. Mzee alikuwa akisema, "Siku moja uje Iringa nikuonyeshe namna ya kufungua mwenyewe." Naye akajibu, "Nitakuja, Mzee wangu." Kila mmoja alijua hakuna haraka.

Kisha Helena akapata lenzi moja ya Kijerumani kwa mjane wa mpima ardhi huko Tukuyu. Ilikuwa nzito, ubavuni imechongwa neno Jena, pete haisogei hata kwa mikono miwili, na ndani kuvu imetambaa kama mizizi ya nyasi. Akaituma. Jibu likaja: "Nimeipata. Hii kitu ni ya watu waliokuwa na akili zao. Nimeshaifungua. Nitakueleza kesho."

Kesho haikuja na maelezo. Wala kesho kutwa. Mwanzoni Helena hakujali. Huenda mzee yuko shamba, au kwaya yao ina safari. Akatuma salamu. Halafu akapiga, na simu ikawa haipatikani. Wiki zikapita, bado haipatikani. Ndipo jioni moja, anafunga duka, akagundua jambo lililomkaa vibaya kifuani: miaka yote hiyo, na hakuwa na namba ya mtu hata mmoja anayemfahamu Mzee Kalinga. Hakujua jina la mkewe. Kama ameugua, kama amekufa, nani angekumbuka kumwambia mtu wa Ilomba? Yeye ni nani yake?

Mtu pekee aliyempata ni Anania, kijana wa vifurushi pale Ipogolo, ambaye namba yake ilikuwa kwenye stakabadhi za basi.

"Yule mzee wa koti?" Anania alisema. "Hajaonekana, dada. Nilisikia ameanguka."

"Ameanguka wapi?"

"Kwake. Bafuni nadhani. Ila msiba sijasikia. Ungekuwepo ningesikia."

Helena aliomba ruhusa kazini akasema anakwenda kumwona mgonjwa. Mwenye duka akauliza, "Ndugu yako?" Akajibu, "Ndiyo," kwa sababu hakujua aseme nini kingine.

Ilikuwa msimu wa baridi. Mafinga ukungu ulikuwa umekaa juu ya misonobari, na abiria walijifunika vitenge mpaka puani. Pale Ipogolo Anania alimtambua kwa kamera aliyoivaa shingoni. Akamsalimu kwa Kihehe, "Kamwene, dada. Kumbe wewe ndiye wa maboksi!" Akamwitia bajaji, akamwelekeza dereva, na ile bajaji ikapanda mlima kwa kuguna hadi mjini, ikaendelea mpaka Kihesa, ikamwacha mbele ya nyumba ya matofali ya kuchoma yenye uzio wa mianzi.

Mwanamke mtu mzima alikuwa uani anapembua maharage. Alikuwa mwembamba, kajifunga kitenge juu ya sweta.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Alimtazama usoni, akatazama kamera, akarudi usoni. Ungo ukatulia. "Wewe ndiye wa Mbeya."

"Ndiyo, mama. Naitwa Helena. Nimekuja kumjulia hali Mzee."

"Nilijua iko siku utakuja," yule mama akasema. Aliitwa Yusta, mke wa Mzee Kalinga. Hakusema karibu. Alisimama, akakung'uta kitenge, akatangulia ndani, na Helena akamfuata kwa sababu hapakuwa na lingine la kufanya.

Mzee Kalinga alikuwa ameketi kwenye kiti cha mbao karibu na dirisha, mito imemkinga pande zote. Kiharusi kilikuwa kimemchukua upande wote wa kulia, na kimechukua na maneno. Mkono wake mkubwa, wenye vidole vinene kweli kama alivyosema, ulilala mapajani kama kitu cha mtu mwingine. Alimtazama Helena kwa adabu, kama mtu anavyomtazama mgeni wa kanisani. Hakumjua. Angemjuaje? Hakuwahi kumwona.

"Shikamoo, Mzee Kalinga," Helena akasema. "Ni mimi."

Aliposikia sauti, nusu ya uso wake ikacheka. Nusu ya pili ikabaki ilivyo. Akatoa mlio mmoja, mrefu, akainua mkono wa kushoto, Helena akaushika kwa mikono yake miwili. Yusta aliyaangalia hayo yote kutoka mlangoni.

Mzee hakutaka kushikwa mkono kwa muda mrefu. Aliuchomoa, akaelekeza kidole kwenye meza iliyokuwa chini ya dirisha, imefunikwa kitambaa cheupe.

"Hiyo meza," Yusta akasema, "imetutesa. Mwanangu Mathew alipokuja kutoka Dodoma alitaka kuisafisha. Baba yake alipiga kelele mpaka majirani wakaja. Basi nikaifunika. Sijui kuna nini."

Helena alifunua kitambaa. Ile lenzi ya Jena ilikuwa pale, imefunguliwa yote: vioo kwenye visahani vya chai, kila kimoja kwenye karatasi laini, skrubu ndogo kama punje za ulezi kwenye kifuniko cha chupa, pete zimepangwa kwa mstari. Vioo vilikuwa vimeshasafishwa, havina kuvu hata chembe. Hapo ndipo Mzee alipoishia. Alifanya sehemu ngumu ya kwanza, akaenda kuoga, hakurudi.

Mzee akamwelekeza Helena kidole, kisha akaelekeza meza.

"Mimi?" Helena akasema. "Mzee wangu, sijawahi kufunga hata moja."

Akaelekeza tena, kwa nguvu.

Basi wakasogeza kiti chake mpaka kwenye meza, na Helena akanawa mikono. Akachukua kioo cha kwanza kwa vidole viwili. Mzee akatikisa kichwa. Akachukua kingine. Akatikisa tena. Cha tatu, Mzee akafumba macho na kuyafumbua, na hiyo ikawa ndiyo yao. Kioo kilikuwa na upande wa kuingia na upande wa kutoka, na kwa macho ya Helena pande zote zilikuwa sawa. Mzee alichukua kimoja kwa mkono wa kushoto, mkono ambao haukuwahi kufanya kazi hiyo, akakielekeza dirishani ili Helena aone dirisha dogo likiogelea kwenye mgongo wa kioo. Upande huu dirisha lilikuwa dogo zaidi. Upande ule kubwa kidogo. Kumbe ndiyo siri yenyewe. Walifanya hivyo mpaka mwanga ukawa haufai, na maneno yote yaliyosemwa humo chumbani yalikuwa ya Helena: "Hivi? Au hivi? Nikaze? Basi?"

Yusta alimwita jikoni wakale. Mzee alikuwa ameshalishwa, amelala. Jiko lilikuwa la kuni, kando ya nyumba, na ndani yake mlikuwa na joto zuri. Yusta alimwekea ugali na maharage, akakaa kwenye kigoda mbele yake, akasubiri amege tonge la kwanza.

"Nikuulize kitu," akasema. "Na usinidanganye, kwa sababu nimeshazeeka na sina cha kukufanya. Ulikuwa unatembea na mume wangu?"

Helena akarudisha tonge sahanini. "Hapana, mama! Hatujawahi hata kuonana. Leo ndiyo mara ya kwanza."

"Mbona basi alikuwa anaoga?"

"Anaoga?"

"Kila boksi likifika Ipogolo, Aroni anaoga, anapaka mafuta, anavaa koti la kanisani. Koti la kanisani, siku ya Jumanne! Akirudi anajifungia na simu, anaongea taratibu, anacheka. Mimi huku nasikia kicheko tu. Nilimwuliza, akasema ni mteja. Mteja gani wa miaka yote hiyo? Nikanyamaza. Nilisema moyoni, akikaribia kufa ndipo atakuja huyo mwanamke. Na leo umekuja."

Helena alifikiri juu ya lile koti, mzee aliyepaka mafuta usoni anashuka mlima kwenda kuchukua boksi la dawa lenye chuma cha zamani ndani, na macho yakamwuma.

"Alikuwa anakuambia nini?" Yusta akauliza, polepole sasa.

Helena akafuta mkono, akatoa simu. "Sikiliza mwenyewe, mama."

Akabonyeza. Sauti ya Aroni Kalinga, nzima, nzito, haijavunjika popote, ikajaa jikoni.

"...na grisi ya gari usithubutu kuweka, mwanangu. Ukiweka grisi ya gari, siku ya baridi pete inakaza kama shingo ya shemeji yangu. Weka ile nyepesi, kidogo sana, kama unampaka mtoto mchanga dawa ya jicho..."

Yusta aliweka mkono mdomoni. Tangu aanguke, hakuwa ameisikia ile sauti. Helena alibonyeza nyingine. Ilikuwa juu ya kuvu. Nyingine juu ya bisibisi. Nyingine mzee alieleza kwa kirefu kwa nini Wajapani walipaka vioo vyao rangi ya zambarau, akapotea katikati, akacheka mwenyewe.

"Ni hayo tu?" Yusta akauliza.

"Ni hayo tu, mama. Miaka yote."

Halafu Helena akakumbuka moja. Akaitafuta, akasita, maana hiyo aliipenda kuliko zote na hakuwahi kumsikilizisha mtu. Mara nyingi usiku kule Ilomba, chumbani kwake, ameketi kitandani na sahani ya chakula chake peke yake, aliifungua ili asikie mwisho wake tu. Akabonyeza.

Mzee alikuwa anaeleza namna ya kusafisha mapanga madogo, vile vibati vinavyofungua na kufunga tundu la mwanga ndani ya lenzi. Kwa nyuma, mbali, sauti ya mwanamke ikapaza: "Aroni! Aroni we! Chakula kinapoa!" Mzee akakatisha. "Ngoja, naitwa na mwenye nyumba. Huyu akiniita namna hii huwa nachelewa makusudi, aniite mara ya pili. Siku asiponiita, binti, nitajua nimeshakufa." Na ile sauti ya nyuma ikarudia, kali zaidi: "Aroni!"

Yusta aliinamisha kichwa mpaka kitenge kikamfunika uso. Alilia bila kelele, mabega tu. Helena alitamani kumshika, lakini hakuwa na uhakika kama ana haki hiyo, akabaki ameshika simu.

"Alikuwa anachelewa makusudi," Yusta akasema baadaye, akijifuta. "Mwanaume huyu! Na mimi najichosha koo." Akacheka kidogo. Kisha akauliza, "Sasa lile koti?"

"Sijui, mama. Labda kwa kuwa kuna mtu alikuwa anamngoja."

Yusta alifikiri juu ya jibu hilo, hakuonyesha kama amelikubali. Akamwongezea mboga. "Utalala hapa," akasema. "Huwezi kwenda kulala gesti kama mtu asiye na kwao."

Kesho yake wakafika kwenye hesi, ile mifereji ya kuzungushia. Pete mbili za lenzi huingiliana kama chupa na kifuniko chake, ila hesi zake zina milango mingi ya kuingilia, na mmoja tu ndio wa kweli. Ukikosea, lenzi inafunga vizuri, inazunguka vizuri, lakini mlima wa mbali hauonekani wazi kamwe. Kila fundi huweka alama kabla ya kutenganisha. Mzee aliitafuta alama yake kwa kidole, akaitafuta tena, halafu akatazama pembeni. Helena akaelewa. Aliisafisha pamoja na kuvu, au hakuiweka.

"Haidhuru," Helena akasema. "Tutajaribu milango yote."

Jirani yao mmoja, Shedrack, aliitwa, akamnyanyua mzee na kiti chake, akamtoa uani kwenye jua. Kutoka pale waliweza kuona vilima vya ng'ambo na mnara wa simu kileleni. Helena alifunga, akaiweka kwenye kamera, akatazama mnara, akazungusha pete mpaka mwisho. Ukungu. Akafungua. Akajaribu mlango mwingine. Ukungu. Yusta alileta chai, akasimama kuangalia, akauliza, "Imekubali?" Haikukubali. Kila mara mzee alitazama uso wa Helena badala ya lenzi, akajua kabla hajaambiwa. Vidole vyake vya kushoto vilikuwa vinasogea juu ya paja, vinafunga hesi ambayo haikuwepo.

Jua lilikuwa limeshavuka paa ndipo mnara ukaja. Ulianza kama moshi, ukawa kijiti, ukawa chuma, na nyaya zake zikahesabika. Helena alimwekea mzee kamera jichoni, jicho la kushoto, akashika mkono wake na kuuweka juu ya pete. Mzee akazungusha mwenyewe. Akapita, akarudi, akasimama. Akakaa hapo muda mrefu sana, kiasi kwamba chai ya Helena ikapoa kabisa, na hakuna aliyetaka kumwondolea kamera.

Kabla hajaondoka, Helena aliwapiga picha wote wawili, mzee kwenye kiti na Yusta amesimama nyuma yake, mkono begani. Alizungusha pete, akairudisha, akazungusha tena. Hakuzoea kitu chenye macho kinachomtazama. Yusta akauliza kwa nini anachukua muda mrefu hivyo, mzee akatoa mlio wake, na Helena akajua anacheka.

Mlangoni Yusta alimshika mkono. "Zile sauti," akasema. "Unaweza kuziweka kwenye simu ya Aroni? Nitaiwasha tena. Nimeifungia kabatini tangu siku ile, sikutaka kujua nani anapiga."

"Naweza, mama. Aliniambia yeye huzifuta akishatuma, simu isijae."

"Zote."

Yusta akaenda kuiwasha, Helena akakaa kwenye ngazi, akazituma moja moja, kuanzia ile ya kwanza ya lenzi ya Kirusi. Kila moja ilipokwenda alisikia ndani ya nyumba ile simu ikilia, na baada ya muda sauti ya mzee ikaanza kusikika kutoka ndani, anaeleza, anacheka. Sauti hizo hazikuwa za Helena peke yake tena. Alijua ni haki, na bado alipopanda basi Ipogolo aliona kama ameacha mzigo kituoni na hawezi kushuka kuufuata.

Mzee Kalinga alifariki mvua zilipoanza. Helena hakujua. Yusta alimpigia baada ya watu kutawanyika, akasema, "Mwanangu, tulikuwa na watu wengi, sikukumbuka kukuambia. Nisamehe." Helena akasema, "Pole sana, mama, poleni sana," na simu ilipokatika akarudi kaunta, akamwuliza mteja aliyekuwa anangoja kama homa ilianza lini. Hakuwa na mtu wa kumpa yeye pole. Dukani walijua alikwenda kumwona ndugu, lakini hawakukumbuka tena ni ndugu gani.

Lenzi zilizokaza zilikuwa bado zimejaa kwenye boksi chini ya kitanda. Jumapili moja alitoa mojawapo, akatandika kitambaa, akaifungua peke yake. Aliweka alama kwenye hesi kwa sindano. Alikosea kioo kimoja, akakitoa, akakirudisha. Alipomaliza pete ilikuwa inazunguka, si laini kama za mzee, ila inazunguka. Akatazama chumba kizima. Kisha, bila kufikiri sana, akachukua simu, akabonyeza namba ya Aroni Kalinga na kuanza kuongea. Alieleza skrubu ilivyomsumbua, kioo alichokigeuza, grisi aliyoitumia. Akatuma.

Haikujibiwa. Juma lililofuata akatuma nyingine, na lililofuata tena. Zilisikilizwa, hilo aliliona, jibu halikuja. Alijiambia pengine ni wajukuu wanaochezea simu. Akaendelea hivyo hivyo, kwa sababu Jumapili ni ndefu.

Kisha siku moja, anaanika nguo, simu ikalia. Ilikuwa sauti ya Yusta, anaongea kwa nguvu kama watu wasiozoea kurekodi, kuku wakisikika nyuma yake.

"Helena mwanangu, nimesikiliza zote. Sijaelewa hata neno moja. Wewe endelea kutuma. Ila umeongea mpaka saa ya chakula, sasa nenda ukale."

Helena alimaliza kuanika nguo zilizobaki kwenye beseni. Halafu akaingia ndani, akawasha jiko.